Ukurasa wa Somo la Tisa

Timbwani, Likoni
Alasiri, kesho ukisafiri

Mwanangu Rukia,

Salamu tumeshaamkiana asubuhi, wala sina haja ya kukuuliza hali, maana nimekusikia ukiimba bafuni tangu alfajiri. Sasa hivi umevuka feri kwenda kuwaaga wenzio, babako yuko kazini bandarini, nami nimekaa kwenye mkeka wa chumbani kwako, sanduku lako liko wazi mbele yangu. Nimelipanga mara tatu. Mara ya tatu nikaona napanga kilichopangwa, nikachukua kalamu.

Mambo ya sweta na baridi ya Nairobi babako amekueleza mpaka umechoka. Mambo ya wanaume amekueleza Mama Athmani wa nyumba ya pili, naye anayajua kunishinda. Chakula utakula watakachokupa huko chuoni. Hayo siyarudii. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu mwaka juzi, kila nikitaka kulitua sioni pa kulitua.

Jambo lenyewe ni kwamba nakuonea wivu, mwanangu.

Usicheke. Najua mama hasemi hivyo. Mama huambiwa afurahi, na wallahi nimefurahi, Timbwani nzima imenisikia nikipiga vigelegele barua yako ya chuo cha uuguzi ilipokuja. Lakini chini ya vigelegele vile palikuwa na kitu kingine, na kitu hicho kilinifanya nikutendee jambo baya, tena nikamsukumia mwengine. Soma mpaka mwisho. Usiruke ukurasa, maana habari yenyewe ni ya kurasa.

Ulikuwa na miaka sita nilipoingia gumbaru, kile kisomo cha watu wazima, jioni, kwenye darasa la watoto, magoti yakigonga madawati. Nilikuwa wa mbele. Sijisifu, ulizia. Mwalimu alipochoka alinipa mimi chaki. Kabla mwaka haujesha nikawa nasoma kila kilichoandikwa, na kazi yangu ya bhajia ilinipa vya kusoma, maana karatasi za kufungia nilikuwa nanunua kwa kilo: magazeti makuukuu, madaftari ya watoto waliomaliza shule, kurasa za vitabu ambavyo sijui viliandikiwa nani. Wateja wakiniambia, dada, bhajia zinapoa, nami nimeshika kipande cha gazeti nasoma habari za mwaka uliopita.

Basi siku moja nikakuta gazetini kijisanduku kimezungushiwa vistari, cha kukatwa kwa mkasi. Kilisema popote ulipo duniani, uwe nani, unaweza kusoma habari za afya na mwili wa binadamu kwa njia ya posta, masomo kumi na mawili, bure. Neno bure nililisoma mara mbili. Bure ya sokoni naijua, ile ya kuambiwa chukua hiki bure, halafu ununue na kile. Hii haikuwa na kile. Walitaka jina na anwani tu. Nikakikata, na bhajia za kwanza jioni ile zikaenda katika karatasi yenye tundu, mteja akanirudishia moja iliyoanguka mchangani akadai nyingine.

Sanduku la posta tulikuwa hatuna. Unajua mwenyewe, nusu ya mtaa huu tunatumia sanduku la Mzee Shee mwenye duka. Barua zikija anazipanga kando ya mizani na kuita majina, na mtu akipokea barua kila anayenunua chumvi anajua. Bahasha yangu ya kwanza ilikuwa ya kaki, kubwa, ina stempu za ng'ambo zenye ndege ambao kwetu hawapo. Tangu siku hiyo Mzee Shee akaacha kuniita Mama Rukia. Akawa ananiita Mwanafunzi. Mwanafunzi, sukari leo robo au nusu? Watu wakicheka, nami najitia kuudhika, na moyoni nimejaa tele.

Raha ile katika nyumba hii unaijua wewe peke yako. Mtu asiyekujua, asiyejua kama mikono yako inanuka mafuta, amekaa huko kwao akakuandikia "Mwanafunzi mpendwa". Mimi babangu alinitoa shule nikiwa darasa la kwanza, akasema msichana inamtosha madrasa. Na sasa shule imevuka bahari kunifuata kibarazani kwangu, haikuuliza mume wangu ni nani wala nina watoto wangapi. Nikawa nalala na bahasha chini ya mto. Babako akasema nimepata mke mwenza.

Lakini bahasha, mwanangu, hujibiwi nayo ukiiuliza. Masomo yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuwauzia bhajia wageni wanaovuka kwenda Diani. Niliazima kamusi kwa mwalimu mmoja jirani. Akaniuliza ya nini, nilipomwambia akatabasamu upande mmoja wa mdomo, nikairudisha kesho yake. Somo la kwanza nikapata sita katika kumi. La pili tano. La tatu nne. Na ile bure nayo ikaanza kudai chake: leo stempu, kesho mafuta ya taa, na kila siku wakati, ambao mama muuza bhajia hana. Wewe ukashikwa na surua, nikajibu somo la nne nimekupakata.

Somo hilo likarudi na maneno marefu pembeni, kwa wino wa kijani. Sikuyafahamu. Nikayapeleka kwa Mzee Shee anifasirie, tena saa ya watu. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti yake ile ya kuita majina: anauliza, je, nyumbani kwako yuko mtu anayejua kusoma ambaye anaweza kukusaidia? Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama wanavyocheka kila siku. Mimi, niliyekuwa nikipewa chaki! Nikachukua karatasi yangu na robo yangu ya sukari nikaenda zangu.

Leo najua aliyeandika vile aliuliza kwa wema. Jibu nilikuwa nalo. Babako Kiingereza cha bandarini anakijua, ningemwambia nimekwama angekaa nami mkekani. Sikumwambia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami niliuficha wangu mpaka kila kitu kikafa ndani. Zilikuja barua mbili za kuniuliza mbona kimya. Nikazifungia bhajia. Watu nikawaambia wazungu wameacha kuleta, vya bure ndivyo vilivyo, wakaamini, maana ni neno ambalo watu hupenda kuliamini. Huko uendako ukikwama sema umekwama, hata mbele ya wanaocheka. Kicheko kile kilikwisha kabla sijafika nyumbani, na mimi nikakaa nacho miaka kumi.

Kurasa za masomo manne nikazitia ndani ya kasha, chini ya leso za harusi yangu. Humo ndimo ulimozikuta, umemaliza kidato cha nne, alama za sayansi zimekuangusha, hakuna chuo kilichokuita na umechoka kukaa. Ulikuja nazo uani nikikuna nazi. Ukaniuliza kama ni zangu. Nikasema ni za mtu. Hukuniuliza tena, ukaandika barua kwa anwani ile ile, ukataka uanzie somo la tano kwa kuwa manne unayo. Wakakujibu uanze la kwanza kama wote.

Bahasha yako ya kwanza ilipofika nilikuwepo dukani. Mzee Shee alipaza sauti, "Mwanafunzi!" Nikageuka. Nikaitika abee. Kumbe ulikuwa umesimama nyuma yangu, na mkono wa Mzee Shee ulinipita begani ukakupa wewe ile kaki. Hukuona chochote. Ulikuwa unaangalia ndege wa kwenye stempu.

Sitaki kusema nilikuchukia, maana si kweli. Nilikusamehe vyombo. Nilikununulia stempu. Mama Athmani alipokuja kukwambia uache upuuzi wa karatasi uolewe, nilimjibu mimi, na siku mbili hakuja kuomba moto. Lakini mkono mmoja ulikuwa unatoa na mwingine unauma. Somo la kwanza ukapata tisa. La pili tisa. Ulikuwa na Kiingereza cha shule, una kamusi, una rafiki zako ng'ambo ya mjini wa kuwauliza kila Jumamosi. Nikajiambia, hata mimi ningepata hizo tisa. Labda nisingepata. Vijana wengi mtaani walikuiga wakaandika nao, na unakumbuka mwisho wake: bahasha zao zilirundikana kwa Mzee Shee mpaka akaanza kufungia njugu. Hao nao walikuwa na Kiingereza. Wewe ulikuwa na kitu kingine, wala sijui ulikitoa wapi, kwangu hukukitoa.

Somo la tano lilipofika nilisimama mlangoni na upawa mkononi, najitia nakuuliza kama utakula. Lile sikuwahi kuliona. Nilitaka uniite nikae nawe. Hukuniita, ungejuaje? Ukamwita Shangazi Mishi.

Hilo nalo nilimwonea wivu. Shangazi yako, dada wa babako, alikuwa akiishi nasi kile chumba cha uani, hajui hata kuandika jina lake, na kila jioni unamsomea, unamgeuzia kwa Kiswahili, anashika mfupa wa mkono wake na kuutaja. Mvua ikinyesha yeye ndiye wa kukimbia kufunga bahasha zako kwenye leso. Akajua ini liko upande gani na damu inakwenda wapi. Mimi nakaanga, nasikia wifi yangu anajua mambo nisiyoyajua, na wanaocheka ndani ni nyinyi wawili.

Halafu kulikuwa na huyo mwalimu wako wa wino wa kijani. Sijui kama ni yule yule aliyeniandikia mimi, mkono ulifanana. Kila jambo likawa mwalimu kasema. Maji tuchemshe, mwalimu kasema. Kidonda cha babako tusikipake mafuta ya taa, mwalimu kasema. Na mimi nilikuwa nimesema hivyo hivyo tangu mwanzo, hakuna aliyenisikia.

Sasa nafika siku yenyewe. Lilirudi somo la nane, kumi katika kumi, na ndani ya bahasha hiyo hiyo limo somo la tisa, la mapafu na pumzi. Ulikaa kibarazani ukatusomea maneno ya kijani. Mwalimu kasema anajivunia wewe kama mwanawe wa kumzaa. Ukaibusu ile karatasi, Rukia. Ukaibusu mbele yangu, ukaiweka chini, ukavaa buibui ukavuka kwenda posta kununua stempu.

Mwanawe wa kumzaa! Na mimi niliyekuzaa nilikuwa pale, nimechanganya unga wa dengu tangu adhuhuri, mikono ya manjano mpaka kwenye viwiko, nakaanga ili upate hizo stempu za kumwandikia yeye. Moyo ulinifukuta. Nikayachukua makaratasi yako nikaenda nayo kwenye karai langu pale njia ya feri. Najua utasema labda yalichanganyika na yale ya kilo. Ndivyo ulivyoambiwa. Hayakuchanganyika. Niliyabeba kwa mkono mwingine, mbali na yale ya kilo, ili nijue ni yapi.

Ukurasa wa kwanza kuuchana ulikuwa ule wenye picha ya mapafu. Nimeushika hivyo akatokea Shangazi Mishi, ameniletea chumvi niliyoisahau. Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. Kusoma hajui, lakini makaratasi yako aliyajua kama anavyozijua nguo zako. Nikatia bhajia tano katikati ya ile picha, nikazifunga, nikampa. Nikasema, "Shika, wifi, ule zingali moto." Akapokea. Alikwenda akakaa pembeni akanisaidia kufunga za wateja mpaka magharibi, yeye akichukua karatasi za kilo na mimi nikichukua zako, mpaka zikesha.

Uliporudi ukatafuta. Ukapindua godoro, ukatoa kila kilichokuwa kabatini. Mimi nilikuwa na nafasi ya kusema, wallahi nilikuwa nayo, ulisimama mbele yangu. Nikasema muulize shangazi yako, ndiye aliyekuwa akifunga leo. Lilinitoka jepesi hivyo.

Nikangojea anikane. Shangazi yako alikuwa anaosha sufuria. Akajifuta mikono kwenye leso, akasema, "Labda ni mimi, mwanangu. Mimi karatasi zote naziona sawa."

Nawe ukamjibu jibu ambalo hujawahi kunijibu mimi wala mtu mzima yeyote. Ukamwambia, "Ndiyo kazi ya mtu asiyejua kusoma." Yeye uliyekuwa ukimsomea kila jioni. Alirudi kwenye sufuria yake. Neno lile lilikuwa langu, lilikosea mlango, na mimi nikasimama nikaliangalia likiingia kwake.

Yaliyofuata unayajua, lakini hujui nilivyoyaona mimi. Siku tatu ulizunguka Timbwani nyumba kwa nyumba ukiuliza, "Nani alinunua bhajia za mamangu?" Kurasa zikaanza kurudi. Mmoja ulikuwa umezibia tundu la dirisha, mmoja uko chini ya mguu wa meza ya fundi cherehani, mwingine mtoto ameutengenezea tiara ya kurusha. Ukazipaka unga wa ngano unywe mafuta, ukazianika kwenye kamba pamoja na nguo. Nilikuwa napita chini yake kwenda kuteka maji. Zote zikarudi isipokuwa mmoja, ule wa picha, na swali kubwa la somo lilitaka uchore mapafu na ueleze kila sehemu. Nikasema moyoni, sasa atakoma kama nilivyokoma mimi.

Ukaenda buchani. Ukamwomba mchinjaji mapafu ya mbuzi, ukaja nayo kwenye sinia, ukayapuliza kwa bomba la kalamu ukayaona yakifura, ukachora. Paka wote wa mtaa wamekuzunguka. Lo! Nilikuangalia dirishani nikajua kwamba hata ningekuchania masomo yote kumi na mawili ungepata njia. Ungedhani nilifurahi. Siku ile ndipo nilipoumia kabisa, maana mimi nilisimamishwa na swali moja lililoulizwa kwa wema, na wewe hukusimamishwa hata na mamako.

Mwalimu wako akajibu kwamba katika wanafunzi wake wote wa nchi zote hajapokea mchoro kama ule, na akauliza ni kiungo gani hiki cha manjano kilichogusa karatasi, chenye harufu nzuri. Nyumba nzima ilicheka. Nami nilicheka.

Shangazi Mishi hakuwepo kucheka. Alikuwa keshahamia Jomvu Kuu, kwenye nyumba ya wazee wao, anakosuka ukili peke yake. Babako alidhani ameondoka kwa aibu ya kukupotezea karatasi, wewe ukadhani vivyo hivyo. Watu wakasema ndiyo mambo ya mawifi, hawakai. Siku ya kuondoka nilimsindikiza mpaka feri, nimembebea kikapu. Nilitaka anitukane nipumzike. Hakunitukana. Alisema, "Ule ukurasa ninao. Siku utakapomwambia mwenyewe, mtume aje auchukue." Akanipokonya kikapu, akaingia na watu.

Mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi nililichuma nikamwachia yeye sahani nzima. Mwaka juzi huo. Kila Ijumaa nasema leo nitamwambia. Uliporudia mtihani wa baiolojia nikasema asubiri, nisimvuruge. Ulipokipeleka hospitalini kile cheti ulichopewa kwa kumaliza masomo ya posta, karani akakigeuza huku na huku kama noti bandia na kukwambia hiki hatukijui, ulilia, nikasema leo si siku. Ulipofaulu, nikasema leo ni furaha. Hakuna siku iliyofaa. Nimejifunza hapo kwamba uongo wa nyumbani haupitwi na wakati, unapata chumba chake unakaa, na ukiangalia, ni kile cha uani alichokihama mwengine.

Nilikuwa nimekusudia niishone barua hii ndani ya mfuko wa sweta, uikute Nairobi, unichukie ukiwa mbali. Nilishatunga uzi. Lakini juzi babako alikuuliza kama utapita Jomvu Kuu kumuaga shangazi yako, nawe ukasema yule hana haja ya kuagwa. Ulisema huku ukipiga pasi, hukuinua kichwa. Sauti niliitambua. Ilikuwa yangu, ile ya kusema wameacha kuleta. Nikauchomoa uzi.

Kwa hiyo utaisoma leo. Nitaiacha juu ya nguo zako, na mimi nitakuwa kwenye karai langu njia ya feri, ukitaka kuja kunisema mbele ya wateja njoo. Nitakusikiliza. Ulimi ulinishinda, Rukia, nilijaribu, asubuhi nilikuita ukaja nikakwambia chai ina majani mengi. Kalamu ya gumbaru haikunishinda.

Wivu wenyewe haujesha, nisikudanganye mara ya pili. Nikiiona ile nguo nyeupe ya uuguzi inaning'inia mlangoni najiona mimi ndani yake, kisha naona mabega hayatoshi. Nadhani nitakuonea wivu mpaka nife, na nitakupikia kila utakaporudi, na vyote viwili vitakuwa kweli. Huko chuoni utakuwa na walimu wa kuonekana kwa macho, na madawati, na wenzako wa kulia na kushoto. Mpende na yule wa wino wa kijani, simkatazi tena. Alikulea upande ambao mimi sikuufikia. Ila usimwachie mtu karatasi zako kwa kuwa ni mtu wako tu, hata akiwa ni mimi.

Basi lako ni la kesho jioni. Asubuhi unao wakati wa kufika Jomvu Kuu na kurudi, sanduku babako atalipeleka stesheni. Shangazi yako usimwombe msamaha kwa niaba yangu, wangu nitaupeleka mwenyewe Jumapili kwa miguu yangu. Mwombe wako, wa lile neno. Kisha mkae. Yeye alikomea somo la nane, tangu hapo hakuna aliyemsomea kitu. Msomee la tisa, umwambie hewa inaingiaje na kutokaje, atashika kifua chake kama alivyokuwa akifanya. La kumi na yale mawili ya mwisho utamsomea ukija likizo.

Mwambie umekuja kuchukua ukurasa, na kwamba aliyekutuma ni mimi. Atautoa alikouweka. Karatasi itakuwa imekauka, mafuta yameacha doa kubwa katikati ya picha, lakini pembeni, pale paliposhikwa wakati wa kuchanwa, utaona alama za vidole vya manjano. Tazama vizuri, mwanangu, ni vyangu.

Mamako